Lugha Si Hatimiliki ya Ardhi

Wahenga walinena kwamba kutangulia si kufika. Hata hivyo, yako mataifa mawili katika Ulaya ya Mashariki ambayo kwa zaidi ya miaka 200 yamekuwa yakibishana kuhusu ni nani aliyetangulia, kana kwamba aliyetangulia ndiye mwenye nyumba na mwenzake ni mpangaji asiyelipa kodi. Mataifa hayo ni Waromania na Wahungaria. Shauri lao ni la nchi iitwayo Transylvania, na mashahidi walioitwa mara nyingi zaidi hawakuwa wazee wa mipaka wala wapima ardhi. Walikuwa wanaisimu.

Ninaandika kuhusu shauri hili kwa sababu taaluma iliyotumiwa vibaya humo ni taaluma yangu. Ninafundisha isimu katika chuo kikuu, na najua jinsi ilivyo rahisi kwa mwanafunzi, na hata kwa mwalimu wake, kuamini kwamba tukishathibitisha lugha fulani ilitoka wapi, tumethibitisha pia ni nani mwenye haki ya kuishi mahali fulani. Dai langu ni fupi. Historia ya lugha ni elimu ya kweli na yenye thamani, lakini haimpi mtu shamba wala haimnyimi jirani yake haki ya kusema. Waromania na Wahungaria wameilipia ghali sana ile imani kinyume cha hivyo, na sehemu kubwa ya gharama hiyo imelipwa darasani.

Tuanze na nchi yenyewe. Transylvania ni nchi ya vilima na misitu iliyokumbatiwa na milima ya Carpathian upande wa mashariki na wa kusini. Leo imo ndani ya Romania. Tangu karne za kati hadi Vita vya Kwanza vya Dunia ilikuwa, kwa namna moja au nyingine, chini ya taji la Hungaria au la wafalme wa ukoo wa Habsburg, ingawa kipo kipindi kirefu ilipokuwa na watawala wake wenyewe waliowalipa Waturuki ushuru. Waliishi humo Waromania, Wahungaria, Waszekely ambao nao husema Kihungaria, na Wajerumani waitwao Wasaksoni. Ndiyo maana mji mmoja hupata majina matatu. Mji ambao Waromania huuita Cluj, Wahungaria huuita Kolozsvár na Wajerumani Klausenburg. Sibiu ya Waromania ndiyo Nagyszeben ya Wahungaria na Hermannstadt ya Wajerumani.

Sensa ya mwaka 1910, iliyofanywa na serikali ya Hungaria, iliwahesabu watu kwa lugha ya mama. Katika eneo zima ambalo baadaye lilikabidhiwa Romania, wasemaji wa Kiromania walikuwa zaidi kidogo ya nusu, wa Kihungaria karibu thuluthi moja, na wa Kijerumani kama mmoja kwa kila kumi. Msomaji atazame jambo hilo kwa makini. Katika nchi hiyo, kutaja lugha yako mbele ya karani wa sensa kulikuwa sawa na kupiga kura juu ya mpaka.

Lugha hizo mbili kuu hazina undugu wowote wa nasaba. Kiromania ni mtoto wa Kilatini, ndugu wa Kiitalia, Kifaransa, Kihispania na Kireno. Kihungaria kimo katika familia ya lugha za Kiurali, pamoja na Kifini na Kiestonia, na jamaa zake wa karibu zaidi ni lugha ndogo za Kikhanti na Kimansi zinazosemwa huko Siberia ya magharibi. Kwa nasaba, Kiromania kina undugu wa mbali na Kihindi cha Bara Hindi, lakini hakina undugu na Kihungaria kinachosemwa ng'ambo ya ua.

Sasa tuingie katika ubishi wenyewe. Mwaka 106 mtawala wa Warumi, Trajan, alikamilisha kuiteka nchi ya Dacia, ambayo sehemu yake ndiyo Transylvania ya leo. Katika miaka ya 270, wakati wa Aurelian, Warumi waliondoa majeshi na serikali yao huko. Wahungaria waliingia katika bonde la Carpathian karibu na mwaka 895. Baina ya tarehe hizo mbili mna zaidi ya miaka 600 ambayo maandishi karibu hayasemi lolote kuhusu wasemaji wa Kilatini kaskazini ya mto Danube. Waromania husema kwamba wazee wao hawakuondoka. Walibaki milimani na mifugo yao, na Wahungaria waliwakuta hapo. Wahungaria wengi, wakifuata nadharia iliyopewa sura kamili na mwanachuoni wa Austria, Robert Roesler, mwaka 1871, husema kwamba Kiromania kiliundwa kusini ya Danube na kwamba wafugaji wake walihamia kaskazini baadaye, wakati Wahungaria wamekwisha kukaa.

Kila upande una hoja zake za lugha. Wa kwanza huonyesha kwamba mito ya Transylvania ingali inaitwa kwa majina ya kale: Mureș ilikuwa Marisus, Olt ilikuwa Alutus. Majina hayo, wasema, hayangeokoka kama watu wote wangaliondoka. Wa pili hujibu kwamba sauti ya mwisho katika jina Mureș si ile ambayo tungeitarajia katika neno lililorithiwa moja kwa moja kutoka Kilatini, kwa hiyo yamkini jina lilipitia kwanza katika vinywa vya Waslavi au Wahungaria. Wa pili huongeza kwamba Kiromania kina maneno ya kale yanayofanana na ya Kialbania, kama vatră, yaani mahali pa kukokea moto, ambalo kwa Kialbania ni vatër. Je, mfanano huo haukuzaliwa kusini? Wa kwanza hujibu kwamba maneno hayo yatokana na lugha za kale zilizoenea pande zote mbili za mto. Wa kwanza hutaja kitabu cha mwandishi asiyejulikana jina, kilichoandikwa karibu na mwaka 1200, ambacho chamtaja kiongozi wa Waromania aliyepigana na Wahungaria walipoingia. Wa pili huuliza jinsi gani mtu aliyeandika baada ya miaka 300 aweza kuwa shahidi.

Mimi nikiupima ushahidi huo, naona watosha kutueleza mengi kuhusu jinsi Kiromania kilivyokua. Hautoshi kutuambia ni familia ipi iliyolala katika bonde lipi mwaka 895. Lugha huhama bila watu, na watu huhama bila lugha. Watu wazima huacha lugha ya wazee wao wakashika nyingine, na majina ya mito hupokezanwa kama kijiti baina ya watu wasioelewana. Hata wingi wa maneno ya mkopo hauamui nasaba. Kiromania kimejaa maneno ya Kislavi, na kwa karne nyingi kiliandikwa kwa hati za Kisirili kama zile za Kirusi, lakini hakikuacha kuwa mtoto wa Kilatini. Wasomaji wa Kiswahili hawahitaji kufundishwa hili. Tunajua kwamba maneno ya Kiarabu, hata yawe mengi namna gani, hayakukiondoa Kiswahili katika ukoo wa Kibantu.

Lakini hata kama ushahidi ungetosha, ungeamua nini? Mtoto wa Kihungaria aliyezaliwa Cluj mwaka 1930 hakutoka Siberia. Alitoka Cluj. Mtoto wa Kiromania aliyezaliwa katika kijiji cha Transylvania mwaka 1780 hakuwa mhamiaji, hata kama babu wa babu wa babu yake alivuka Danube akichunga kondoo. Hoja ya nani alitangulia inageuza kila mtu kuwa mwakilishi wa wafu, kisha inawahukumu walio hai kwa safari ambazo hawakusafiri.

Je, kwa nini basi hoja hii ikapata nguvu? Hapa yafaa tuwe waadilifu, kwani mwanzoni ilikuwa silaha ya mnyonge. Mwaka 1437 wakulima wa Transylvania, wasemaji wa Kihungaria pamoja na wa Kiromania, waliasi kwa umoja huko Bobâlna dhidi ya mabwana wao. Mabwana wakaungana. Wakuu wa Kihungaria, Waszekely na Wasaksoni walifanya mapatano yaliyokuja kuitwa Muungano wa Mataifa Matatu. Ikumbukwe kwamba neno "taifa" wakati huo halikumaanisha watu wa lugha moja; lilimaanisha tabaka lenye haki zake. Mromania aliyepanda cheo aliweza kuingia katika tabaka hilo. Iancu wa Hunedoara, ambaye Wahungaria humwita Hunyadi János, alitoka katika ukoo wenye asili ya Kiromania akawa mtawala wa Hungaria, na mwanawe Matthias, aliyezaliwa Cluj mwaka 1443, akawa mfalme wake mashuhuri. Lakini umati wa Waromania walibaki wakulima wa kazi ya kulazimishwa, na Kanisa lao la Kiorthodoksi halikuhesabiwa miongoni mwa madhehebu yenye haki rasmi. Kwa hiyo, miaka ilivyopita, tofauti ya tabaka ikavaa nguo ya lugha: bwana alisema Kihungaria, mtumwa wake alisema Kiromania.

Katika karne ya 18 walitokea makasisi wasomi wa Kiromania, Samuil Micu, Gheorghe Șincai na Petru Maior, ambao walikuwa wamesoma Vienna na Roma. Mwaka 1780 Micu na Șincai walichapisha huko Vienna sarufi iliyoonyesha kwamba Kiromania ni lugha ya Kilatini, na wakakiandika kwa herufi za Kilatini. Mwaka 1791 Waromania walipeleka kwa mfalme Leopold wa Pili ombi la kutambuliwa kuwa taifa la nne, na miongoni mwa hoja zao ilikuwa kwamba wao ndio wenyeji wa kale zaidi. Bunge la Transylvania lililiweka ombi hilo kando. Mtu aliyeambiwa kwamba hana haki kwa sababu ni mgeni, hujibu kwamba yeye ndiye mwenyeji. Jibu hilo laeleweka. Kosa lake ni kwamba limekubali masharti ya mdhalimu, yaani kwamba haki hutokana na kutangulia. Ingetosha kusema: tuko hapa, twalima, twalipa kodi, basi tuhesabiwe.

Wahungaria nao walikuwa na kilio chao. Mwaka 1784 mfalme Joseph wa Pili aliamuru Kijerumani kiwe lugha ya serikali nchini Hungaria mahali pa Kilatini. Wahungaria walikasirika mno. Ghadhabu hiyo ilizaa kazi kubwa ya kuijenga lugha. Ferenc Kazinczy na wenzake walibuni na kufufua maneno kwa maelfu, na mwaka 1844 Kihungaria kikawa lugha rasmi ya Hungaria. Mimi kama mwanaisimu nalihesabu jambo hilo kuwa miongoni mwa juhudi tukufu za kukuza lugha katika Ulaya. Lakini mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Watu waliojua uchungu wa kulazimishwa Kijerumani hawakusita kuwalazimisha wengine Kihungaria.

Mwaka 1848 mapinduzi ya Wahungaria yalileta uhuru wa wakulima na wa magazeti, lakini pia yaliiunganisha Transylvania na Hungaria bila kuwatambua Waromania kuwa taifa. Maelfu ya Waromania walikutana Blaj mwezi wa Mei wakidai watambuliwe. Badala ya wapigania uhuru wawili kusaidiana, walipigana, vijiji vikateketezwa pande zote mbili. Sheria ya kuzitambua lugha za mataifa madogo ilipitishwa na Wahungaria Julai 1849, majuma machache tu kabla ya jeshi lao kusalimu amri. Dawa ilifika maiti akioshwa.

Baada ya mapatano ya mwaka 1867 Hungaria ilipata kujitawala ndani ya milki ya Austria, na Transylvania ikawekwa chini ya Budapest. Sheria ya mwaka 1868 iliahidi mengi mema kuhusu lugha za wachache, lakini haikutekelezwa ipasavyo. Mwaka 1879 Kihungaria kilifanywa somo la lazima katika shule zote za msingi. Waromania walipomwandikia mfalme malalamiko yao mwaka 1892, hakuyapokea, na mwaka 1894 viongozi wao walishtakiwa Cluj wakafungwa gerezani. Kisha ikaja sheria ya mwaka 1907 iliyopewa jina la waziri wa elimu, Albert Apponyi. Naomba walimu waisome kwa makini. Iliwaongezea walimu mshahara, jambo jema. Lakini iliagiza kwamba mtoto ambaye lugha yake ya mama si Kihungaria, amalizapo darasa la nne, aweze kujieleza kwa Kihungaria kwa mdomo na kwa maandishi, na mwalimu ambaye hakutimiza hayo aliweza kuadhibiwa. Shule za makanisa ya Kiromania zilitakiwa zichague kati ya ruzuku ya serikali na uhuru wao. Ndivyo mwalimu wa kijijini alivyofanywa askari wa mpakani: mshahara wake mkononi, na mtoto wa watu mbele yake.

Vita vikaigeuza meza. Tarehe 1 Desemba 1918 Waromania walikutana Alba Iulia wakatangaza muungano na Romania. Katika tangazo lao waliahidi kwamba kila taifa lililoishi pamoja nao litasoma, litatawaliwa na litahukumiwa kwa lugha yake na kwa watu wake. Ni ahadi nzuri kupita nyingi za wakati ule, na waliitoa kwa sababu walijua kunyimwa ni nini. Mkataba wa Trianon, uliotiwa sahihi tarehe 4 Juni 1920, uliithibitisha mipaka mipya. Hungaria ilipoteza kiasi cha thuluthi mbili za ardhi yake, na Wahungaria zaidi ya milioni moja na nusu wakajikuta wamo Romania bila ya kutoka majumbani mwao.

Ahadi ya Alba Iulia ilifuata njia ile ile ya sheria ya 1868. Chuo kikuu cha Kihungaria cha Cluj kilikuwa kimechukuliwa mwaka 1919 kikafanywa cha Kiromania, na maprofesa wake wakahamia Szeged. Sheria ya elimu ya msingi ya mwaka 1924 iliamuru kwamba raia wenye asili ya Kiromania "waliopoteza lugha yao" wawapeleke watoto wao katika shule za Kiromania peke yake. Nani basi ataamua kwamba mzazi asemaye Kihungaria nyumbani kwa hakika ni Mromania aliyejisahau? Ni ofisa, kwa kulitazama jina la ukoo. Hapa isimu historia ilivaa kofia ya polisi. Etimolojia ya jina la babu iliamua mtoto akae dawati gani. Na kama vile Apponyi alivyowaongezea walimu mshahara, sheria hiyo nayo iliwapa nyongeza walimu waliokubali kwenda kufundisha Kiromania katika wilaya za wachache.

Yaliyofuata nitayapitia kwa haraka, si kwa kuwa ni madogo. Tarehe 30 Agosti 1940 Ujerumani na Italia, zikiamua huko Vienna, ziliirudishia Hungaria sehemu ya kaskazini ya Transylvania. Mwezi uliofuata askari wa Hungaria waliwaua wanakijiji wa Kiromania huko Treznea na Ip. Mpaka ulipogeuka tena mwaka 1944, wanamgambo wa Kiromania waliwaua wanakijiji wa Kihungaria huko Aita Seacă. Na katika miezi ya Mei na Juni mwaka huo wa 1944, Wayahudi zaidi ya 130,000 wa Transylvania ya kaskazini walipakiwa katika magari ya moshi na kupelekwa Auschwitz. Wengi wao walikuwa wasemaji wa Kihungaria, na katika sensa walikuwa wamejihesabu hivyo kwa fahari. Lugha ambayo dola liliisifu ilipokuwa likitafuta hesabu kubwa haikuwaokoa hata kidogo.

Utawala wa kikomunisti ulianza kwa ukarimu. Chuo kikuu cha Kihungaria, Bolyai, kilifunguliwa Cluj mwaka 1945, na mwaka 1952 liliundwa jimbo la kujisimamia la Wahungaria. Lakini mwaka 1959 chuo hicho kililazimishwa kuungana na kile cha Kiromania, Babeș. Mshairi na mhadhiri László Szabédi alijiua katika siku hizo za kuunganishwa. Jimbo likafutwa mwaka 1968. Chini ya Nicolae Ceaușescu nadharia ya Waromania kutangulia ilikuwa karibu dini ya serikali, na mwaka 1974 mji wa Cluj uliongezewa jina la kale la Kirumi ukawa Cluj-Napoca, ili hata bahasha ya barua itoe ushahidi.

Desemba 1989 ilitoa tumaini. Katika mji wa Timișoara mchungaji wa Kihungaria, László Tőkés, alipotaka kufukuzwa na serikali, waumini wake waliizunguka nyumba yake, na Waromania wakaja kusimama nao. Kutoka hapo mapinduzi yakaanza. Lakini miezi mitatu tu baadaye, Machi 1990, Waromania na Wahungaria walipigana katika mitaa ya Târgu Mureș. Watu wasiopungua watano waliuawa, mamia wakajeruhiwa, na mwandishi András Sütő akapoteza jicho moja. Waligombea nini? Miongoni mwa cheche ni shule ya sekondari isomeshe kwa lugha ipi, na kibao cha Kihungaria kilichotundikwa kwenye duka la dawa. Wataalamu wa matibabu hutuambia kwamba dawa ni ile ile katika lugha zote.

Hata hivyo, vita vilivyotabiriwa na wengi havikutokea, na hili lastahili kusomwa kama yale mengine. Mwaka 1996 nchi hizo mbili zilitia sahihi mkataba wa urafiki huko Timișoara, na mwaka huo huo chama cha Wahungaria wa Romania kikaingia serikalini kwa mara ya kwanza. Sheria ya mwaka 2001 iliruhusu lugha ya wachache itumike katika ofisi za mitaa na katika vibao pale wanapozidi asilimia 20 ya wakazi. Chuo cha Babeș-Bolyai chafundisha kwa Kiromania, Kihungaria na Kijerumani. Mambo si shwari yote: tarehe 1 Desemba ni sikukuu kwa Waromania, tarehe 4 Juni ni siku ya huzuni kwa Wahungaria, na sheria ya Hungaria ya mwaka 2010 ya kuwapa uraia Wahungaria walio nje ilizua maneno mengi. Lakini watu wanabishana mahakamani na bungeni, hawachomeani nyumba.

Wapo watakaoniuliza kama nchi yaweza kusimama bila lugha moja ya kuwaunganisha watu. Sijapinga lugha ya pamoja. Mhungaria wa Romania asiyejua Kiromania hujinyima kazi na marafiki. Tofauti iko kati ya kumwongezea mtoto lugha na kumpokonya aliyo nayo. Kwa miaka mingi watoto wa Kihungaria walifundishwa Kiromania kama kwamba walikinyonya na maziwa ya mama, wakashindwa, kisha wakaitwa wakaidi. Sheria ya elimu ya mwaka 2011 ilikubali kwamba wafundishwe kwa mtaala maalumu, kama lugha ya pili. Mwalimu yeyote wa Kiswahili aliyewahi kusimama mbele ya watoto ambao Kiswahili si lugha ya nyumbani kwao anajua kwamba badiliko hilo dogo la kitaaluma lina uzito kuliko hotuba mia za uzalendo.

Wakati wanasiasa wakibishana, lugha zenyewe zilikuwa zikikopeshana. Kiromania kiliazima kutoka Kihungaria neno la mji, oraș, na neno la wazo, gând. Kihungaria cha Transylvania kiliazima kutoka Kiromania neno la mchungaji wa kondoo, pakulár, na neno la kambi ya wachungaji, esztena. Mwanamuziki wa Kihungaria Béla Bartók, aliyezaliwa mahali ambapo sasa pamo Romania, alikusanya nyimbo za wakulima wa Kiromania kwa maelfu, na baadhi ya watu wake wakamwita asiye mzalendo kwa kazi hiyo. Leo mataifa yote mawili yanamwonea fahari.

Nawageukia walimu na wanafunzi. Tusiache kuchunguza lugha zetu zilitoka wapi. Ni elimu tamu, nami naipenda. Lakini siku mtu atakapoutwaa utafiti wetu akasimama nao jukwaani kumwambia jirani yake afunge virago, wajibu wetu ni kuunyakua kutoka mkononi mwake na kusema wazi kwamba haukusema hivyo. Wasomi wa Cluj na wa Budapest hawakukosa vitabu. Walikosa, kwa muda mrefu mno, watu wa kutosha wa kulitamka neno hilo kabla ya mtoto kuhamishwa dawati.